Papa Foto na Mlamba wa Lusangi

Nilitoka Lubumbashi na begi moja na habari iliyochelewa. Simu ya mama mdogo ilikuwa imepita kwa watu wanne kabla ya kunifikia, kwa sababu kila mji niliohamia nilibadilisha namba. Wa nne, fundi viatu niliyekuwa nikilala kwake, aliniambia akiwa anashona soli, bila kuinua macho: mama yako amekufa huko Kasongo, na wamekwisha kumzika. Nilipanda treni ya wiki ile. Kabalo tulikaa siku tisa tukingoja kichwa kingine cha treni. Wanawake walipanga masufuria kando ya reli, watu wakafahamiana, wakagombana, wakapatana. Mwanamume mmoja aliposa binti wa behewa la tatu, na ilipofika siku ya saba wakwe walikuwa wamekwisha kumkatalia. Nilishuka Samba, nikachukua pikipiki hadi mtoni, nikavuka Lualaba kwa mtumbwi, nikachukua pikipiki nyingine. Niliingia Kasongo nikiwa na rangi ya matofali kwa vumbi, na mama mdogo aliponiona mlangoni hakunishika kwanza. Alinitazama.

"Umekuya."

"Nimekuya, Mama mudogo."

"Ulipitia njia gani? Ya ku mwezi?"

Nilikuwa nimeondoka hapo na miaka ishirini na minane. Nilirudi na arobaini na miwili. Katikati nilituma salamu, na mara mbili nilituma kitambaa. Nilipokwisha kuoga na kula nikaomba nione picha ya mama, hata ndogo, hata ya karte ya kura, kwa sababu njia nzima nilikuwa nikijaribu kuuona uso wake na ulikuwa unanikimbia. Nilipata mikono yake, nilipata sauti, uso hapana. Mama mdogo akasema nyumbani hakuna hata moja.

"Lakini alipigwa foto," akasema. "Mbele ya kugonjwa alijitengeneza muzuri, akaenda kwa Papa Foto. Alisema anataka kukutumia, umuone. Hakurudi kuichukua. Papa Foto iko nayo."

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Foto kuchukua picha ya mama yangu. Nilifikiri nitakaa Kasongo wiki mbili. Nilikaa miaka minne.

*

Kila mtu mjini alikuwa na sababu ya kusema "Papa Foto iko nayo". Alikuwa amewapiga picha watu wa Kasongo tangu zamani za filamu: harusi, ubatizo, madrasa, timu za mpira, mikutano ya machifu. Watu walijua kwamba negatifu zote alizitia katika kopo la maziwa ya unga na kopo lilikuwa juu ya kabati. Basi mtu akipoteza picha hakuhangaika. Nyumba ikiungua, maji yakiingia, watu wakikimbia vita na kurudi mikono mitupu, walisema hivyo hivyo: Papa Foto iko nayo. Wengine walipigwa picha na hawakwenda kuichukua kabisa. Waliona kwake ni salama kuliko kwao. Hata alipoacha filamu na kuanza na kamera ya siku hizi, yenye kadi ndogo kama ukucha, mji haukuona tofauti. Kopo au kadi, ni mali moja.

Nilimkuta amekaa kwenye kibanda chake karibu na soko, mfupi, mweusi sana, na jicho la kushoto amelifumba nusu hata pasipokuwa na kamera mbele yake. Utotoni nilimjua kwa mbali tu, kwetu hakukuwa na fedha ya picha, basi nilijieleza: mimi mtoto wa mama fulani. Akainuka, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza kuelekea mlangoni. Hivyo ndivyo alivyosalimia watu. Wanawake wa soko walikuwa wakimpiga mkono: "Papa Foto, toa vidole, niko na bwana." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta mwanga unaingilia wapi.

"Ulikuya na nini?" akaniuliza.

"Na treni."

"Treni." Tangu siku hiyo hilo likawa jina langu. "Ile foto iko, Treni. Kadi iko na mambo mengi, inaomba nafasi ya kutafuta. Kesho niko naenda Wamaza. Unaweza kushika shuka?"

Sikuelewa shuka gani. Nikasema naweza.

*

Sijui nimweleze vipi. Nikisema alipenda ndege nitakuwa nimedanganya. Shomoro waliochafua bati lake aliwatupia mawe. Njiwa alikula, na mifupa alitafuna. Majina ya ndege hakuyajua na hakuyauliza. Wote aliowapiga picha aliwaita "ule mweusi", na kama walikuwa wawili, "ule mweusi na mwenzake". Lakini kwa ajili ya kunguru mmoja alilala kifudifudi katika shamba la mihogo tangu jua la asubuhi hadi adhuhuri, siafu wakapita juu ya mkono wake, na mkono hakuuondoa.

Weusi tu ndio aliowataka. Kunguru, hondohondo, mnandi anayekausha mabawa juu ya mawe ya Lualaba, na mlamba, yule mwenye mkia kama mkasi na jicho jekundu, anayewafuata watu wakichoma majani ili adake panzi wanaoukimbia moto. Korongo mweupe angeweza kusimama mbele yake na kumgeukia kila upande, asiinue kamera.

Nilimwuliza kwa nini. Alinipa majibu matatu kwa miaka minne na kila moja alilitoa kama ndilo peke yake. La kwanza: zamani alimpiga picha bi harusi, na picha ilipotoka ilionekana nguo, meno na maua, uso hakuna, shimo tu, watu wakacheka mbele ya bi harusi, naye akaapa hatawafanyia watu hivyo tena, akaanza kujifunza kwa ndege kwa sababu ndege hawaoni haya. La pili: ndege mweupe anajipiga mwenyewe, hakuna kazi. La tatu alinipa siku moja tumekaa kando ya mto tunakula muhogo wa kuchoma. Alisema hakuna sababu, na kwamba mimi nauliza maswali ya mtu aliyezoea kusafiri.

Kazi yenyewe nitaieleza, kwa maana niliifanya. Kamera inadanganyika. Ukiielekeza kwa ndege mweusi juu ya tawi na mbingu nyeupe nyuma yake, inaona mbingu, inaogopa mwanga, inajibana. Ndege anatoka kama kipande cha mkaa. Ukiilazimisha ifunguke, mbingu inaungua yote, na ndege anakuwa kijivu kama jivu la jana. Papa Foto alikuwa amejifunza njia yake kwenye nyuso za watu. Pale kibandani hakumweka mtu juani. Alimweka kivulini, akaangalia nje, na chini ya miguu yake akalaza bati jipya, mwanga ukapanda kutoka chini, ukaingia chini ya paji la uso, chini ya mashavu, na mtu mweusi akaonekana na rangi zake zote, maana ziko nyingi. Kwa ndege, badala ya bati linalopiga kelele, alitumia shuka nyeupe. Tunatafuta tawi ambalo ndege amelizoea, tunatandika shuka chini yake alfajiri, tunalala pembeni, tunangoja. Mwanga wa shuka unapanda kifuani mwa ndege. Hapo ndipo unaona kwamba kunguru ana zambarau shingoni, na mlamba ana buluu ya chuma mgongoni kama mafuta juu ya maji.

"Unaona?" alikuwa akiniuliza, akinionyesha kioo kidogo cha nyuma ya kamera.

"Naona."

"Huone. Angalia tena."

*

Hiyo safari ya kwanza ya Wamaza karibu ituletee matatizo. Tulikuwa tumetandika shuka chini ya mti ulioanguka nusu, kando ya njia ya mashamba. Papa Foto amelala chali mara hii, kwa sababu hondohondo walikuwa juu sana, na mimi nimelala upande wa pili nimeshika pembe ili upepo usiinue shuka. Akina mama wanne wakatokea na vikapu. Waliona shuka nyeupe, wakaona miguu ya mzee imenyooka, haisogei. Wa mbele akaweka kikapu chini taratibu. Kisha akaanza kilio, kile kilio cha msiba kinachoanzia chini na kupanda, na wenzake wakakidaka kabla hawajajua wanamlilia nani.

Hondohondo wakaondoka wote kwa kelele za mabawa. Papa Foto akakaa.

Mama mmoja alikimbia. Wawili wakashikana. Yule wa mbele, mwenye sauti, akakata kilio, akasema, "Baba, kama haujakufa, uko unafanya nini mu sanda?"

"Niko napiga ndege foto."

"Ndege alikuomba?"

Sikuthubutu kucheka. Alikasirika siku mbili nzima, hakusema nami wala na mwenye nyumba tuliyofikia. Siku ya tatu aliwatafuta wale akina mama hadi kwao, akalaza ile shuka uani, akawapiga picha mmoja mmoja, pamoja na aliyekimbia, na baadaye nilipeleka picha mimi mwenyewe kwa pikipiki. Yule mwenye sauti aliitazama yake muda mrefu. Akaniuliza kama ni kweli yeye ni mzuri hivi au ni mambo ya mashine.

Nilimwuliza mzee njiani: na ile ya mama yangu? Akasema iko, tukifika nyumbani.

Tulipofika nyumbani alikuwa amechoka. Kisha ikawa mvua, paneli ya jua haikuvuta umeme. Kisha akasema alikuwa na kompyuta zamani na radi iliiunguza, kwa hiyo ni lazima atafute kwenye kioo kidogo, picha moja baada ya nyingine, na macho yake asubuhi si sawa na jioni. Yote yalikuwa kweli. Radi ilipiga kweli, majirani waliniambia. Ndiyo maana sikuweza kumkasirikia. Kila alichoniambia, nikikiuliza kwa mwingine, nilikikuta kweli.

*

Watu walimwona kama mtu aliyeharibika kidogo. Vijana wa pikipiki walimwita tukipita: "Papa Foto, ule kunguru anatafuta karte ya kura?" Alijibu bila kusimama: "Iko na umri. Weye unangoja." Njia ya Lusangi, kwenye mashimo ya dhahabu, ilikuwa mbaya zaidi. Kunguru wengi walikuwa wakizunguka mahali wachimbaji wanapokula, nao wachimbaji wakaona mzee na kamera ndefu, wakafikiri tumetumwa kuandika mahali pao. Walituzunguka. Mmoja alikuwa na chepeo begani. Papa Foto akawapa kamera waangalie wenyewe. Wakapitisha picha: kunguru, kunguru, kunguru, mguu wa kunguru, jicho la kunguru.

"Papa," akasema mwenye chepeo, "sisi tuko tunaacha kila kintu juu tunatafuta ya chini. Weye dhahabu iko chini ya miguu yako, unapiga foto kunguru."

"Na weye umepata ngapi?"

"Leo? Bure."

"Miye leo nimepata sita."

Wakacheka, wakatugawia ugali. Mmoja akaomba apigwe kama kunguru, yaani na shuka. Alimpiga. Nilipoona kioo, nilimwona kijana mwenye matope hadi nyusi, na ndani ya weusi wa matope na weusi wa ngozi hakuna kilichopotea. Ungeweza kusema hapa matope yanaishia, hapa yeye anaanza. Nikafikiri: basi mama yangu naye yuko hivi mahali fulani katika kadi ile, na nitamwona.

Kwa watu alikuwa mwepesi kupita kiasi. Ndege alimpa asubuhi nzima, mtu alimpa dakika. Kaa, geuka, funga mdomo, kwenda. Lakini nyuso hakuzisahau. Kusahau jina aliweza, hata la shemeji yake, huku akikumbuka kwamba shavu lako la kulia liko juu kidogo kuliko la kushoto.

Ijumaa alikwenda msikitini. Siku ya Mungu alikaa kwenye ukuta wa kanisa toka misa ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengine waliniambia ni Mwislamu, wengine kwamba zamani alifundisha katekisimu, na yeye alisema anakwenda kunapokuwa na watu waliovaa vizuri.

*

Kuna jambo moja ambalo hata sasa silijui kulipima. Mwaka wa pili alikuja mzee wa ukoo mmoja na wana wa ndugu yake, wamefiwa na baba yao, wanataka picha ya kuweka mbele ya watu kwenye matanga. Walikuwa na hakika. Papa Foto aliwapiga picha baba yao na kaka zake mbele ya kanisa, filamu za zamani, iko kwenye kopo.

Walipoondoka alipanda kiti akashusha kopo. Nilikuwa nafagia. Aliponiona nimesogea akaliziba kwa mkono, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Negatifu zilikuwa zimeshikana zote, kipande kimoja kama sabuni iliyolowa na kukauka. Huwezi kutoa hata moja bila kuing'oa ngozi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mvua," akasema. Hakusema mvua ya mwaka gani.

"Si uwaambie watu."

Alirudisha kopo juu ya kabati, akalisogeza kidogo hadi likae katikati, mahali linapoonekana kutoka mlangoni.

Siku tatu baadaye wale wana walipata picha. Aliichapa kutoka kwenye kadi: mzee mmoja wa upande wa Kabambare aliyempiga sokoni, mwenye kipara na nyusi nene, amefumba macho nusu. Nilikuwepo walipoipokea. Mkubwa aliishika, akaitazama, nikangoja aseme huyu siye. Akaanza kulia. Mdogo akasema ndiye: "Njo yeye. Njo yeye kabisa, alivyokuwa mbele ya kukonda." Wakamshukuru, wakamletea kuku.

Jioni nilimwambia Papa Foto kwamba hilo si jema. Alikuwa ananyonyoa kuku.

"Walimuona baba yao," akasema. "Weye ulikuwapo. Ulisikia."

"Hawakumwona. Walimwona mtu mwingine."

"Basi kesho nenda uwaambie."

Sikwenda. Nilikula kuku pamoja naye. Nilijiambia: mambo ya kopo ni ya zamani, mama yangu yumo kwenye kadi, na kadi hailoi.

*

Tangu niondoke kwetu sikuwa nimewahi kukaa mahali miaka minne. Nilifanya kazi ya kupakia mizigo, nikafundisha kidogo watoto wa jirani hesabu, nikafyatua matofali, na kila wiki au kila mwezi Papa Foto aliponiita, "Treni, kuna mweusi mmoja ku Lualaba", niliacha nilichokuwa nakifanya nikachukua shuka. Mama mdogo alifurahi, akidhani nimetulia. Sikutulia. Kila nikisikia pikipiki inakwenda upande wa mto mwili uliinuka. Lakini niliona haifai kuondoka mara ya pili bila uso wa mama yangu, na uso ulikuwa kwa huyu mzee, naye kila nikimwuliza alisema iko. Mwishoni sikujua tena kama nakaa kwa ajili ya picha, au kwa ajili ya yale mapambazuko, tumelala pande mbili za shuka bila kusema, tukisikia mabawa kabla ya kuyaona.

Mwaka wa nne, kiangazi kinaanza, mama mdogo alisema wakati umefika wa kumaliza matanga ya dada yake, yaliyongoja miaka yote hiyo. Watu wa Wamaza wangekuja, na wa Kabambare. Mchele ulikuwa umenunuliwa. Akanitazama vilevile alivyonitazama mlangoni siku ile.

"Ntaweka kiti mbele ya watu," akasema, "na kitambaa juu ya kiti. Na juu ya kitambaa, foto. Hii mara sikuulizi. Niko nakuambia."

Nilikwenda kibandani mchana. Papa Foto alikuwa anasugua meno ya kadi kwa kifutio cha mwanafunzi. Nilimwambia maneno ya mama mdogo kama yalivyo. Akaweka kifutio.

"Ikala, Treni."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ile foto haiko."

"Imepotea."

"Haikupotea. Niliifuta. Miye mwenyewe." Akainua kidole gumba akakiangalia. "Alikuya asubuhi, nikamupiga. Kesho yake nikaenda Lusangi peke yangu, walikuwa wanachoma majani. Moto ulikwisha kupita. Mweusi mmoja, mukia kama mukasi, akakuya kukaa ku kisiki. Kisiki yenyewe ilikuwa mukaa mutupu. Mweusi juu ya mweusi, Treni. Miaka yote sijaona ile. Jivu ilikuwa nyeupe chini yake, kama shuka, hakuna mutu alitandika. Nikabonyeza. Kamera ikasema imejaa."

Nikaitazama kadi mkononi mwake.

"Ndege haingoji. Unabonyeza kurudi nyuma, ya mwisho kupigwa njo inatokea ya kwanza. Mama yako alikuwa wa mwisho."

"Ulijua ni yeye?"

"Nilimutazama vizuri. Nilisema, huyu mama iko muzima, nikirudi ntamupiga ingine. Tena nilisema, mutoto wake harudi." Akafikiri. "Yote mbili nilisema. Sijue gani ilitangulia. Nilirudi Kasongo nikasikia iko mugonjwa. Nikasema apone kwanza. Mutu mugonjwa hapendi foto."

"Miaka mine ulikuwa unaniambia iko."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ungeenda." Akachukua kifutio tena. "Na shuka ingeshikwa na nani?"

Ningetaka kuandika kwamba nilisimama nikamtukana. Nilitaka. Lakini alikuwa amekwisha kuirudisha kadi ndani na kunisogezea kamera, na kwenye kioo alikuwapo yule mlamba, nami nikamtazama. Kisiki cheusi kilichopasuka-pasuka kama ngozi ya mamba, na juu yake ndege mweusi, na hakuna mahali ambapo mmoja alimezwa na mwingine. Kila unyoya ulikuwa na ukingo wake. Mkia ulikuwa na buluu. Jicho lilikuwa jekundu, na ndani ya jicho, nukta nyeupe, jivu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, nilijua hivyo mara moja kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuona, na sikujua niifanye nini hiyo elimu. Nilitaka kuivunja kamera na nilitaka kuendelea kutazama.

"Alikuwa vipi?" nikauliza.

"Ule?"

"Mama yangu."

Akafumba jicho la kushoto. Hakuchukua muda kufikiri.

"Alikataa kukaa. Nilimupa hiyo kiti yenye umekaa, akasema akikaa mutoto wake atafikiri amechoka. Akasimama. Alikuwa na kitambaa ya buluu ku kichwa. Paji ya uso pana, inakamata mwanga mbele ya pua. Shavu ya kushoto iko na alama ndogo, kama ya moto. Nilimuambia afunge mudomo, hakufunga, alikuwa anasema. Foto ilimukamata mu maneno."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anauliza kama ataonekana. Alisikia watu weusi sana hawaonekane mu foto." Akalifungua jicho. "Nilimuambia, Mama, utaonekana."

*

Mama mdogo nilimweleza yote uani, akichambua mchele. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye kitambaa cha buluu akasimamisha mkono.

"Hakuwa na kitambaa ya buluu. Ile siku alivaa yangu, ya manjano. Miye mwenyewe nilimufunga."

"Na alama ya shavu?"

"Alama alikuwa nayo. Lakini ku kuume." Akashika shavu lake mwenyewe, la kulia, kisha la kushoto, kisha akateremsha mkono. "Lakini ile ya kukataa kukaa, njo yeye. Ule hakukaa mbele ya mutu."

Basi sikujua. Mzee ambaye hakusahau shavu la mtu alikuwa amekosea shavu, au mama mdogo amekosea, au Papa Foto alinichanganyia wanawake wawili kwa huruma, au kwa mazoea. Lakini tangu aliponielezea, nilipofumba macho uso ulikuja. Ulikuja na kitambaa cha buluu. Sikuweza kukibadilisha kuwa cha manjano.

Siku ya matanga kiti kiliwekwa, na kitambaa juu yake, na juu ya kitambaa hakuna kitu. Watu waliuliza, mama mdogo akasema picha imechelewa. Papa Foto alikuja bila kamera. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona bila kamera, wakamkosa, yupo mbele yao. Walimletea kiti mara tatu. "Papa Foto, ikala." Hakukaa. Alisimama kando ya ua hadi wali ulipokwisha kuliwa, watu wa Kabambare wakaanza kutafuta njia.

Niliondoka kesho yake. Mama mdogo alinifungia muhogo na karanga, akaniambia nisibadilishe namba. Pikipiki ilikuwa ipite sokoni, hakuna njia nyingine ya kwenda mtoni, na Papa Foto alikuwa mlangoni mwa kibanda, kamera shingoni. Akainua mkono. Dereva akasimama kabla sijamwambia.

"Unaenda."

"Naenda, Papa."

"Utarudi?"

"Sijue."

Akatazama juu, akatazama chini, akaingia ndani akatoka na bati, akalilaza mbele ya mlango.

"Simama hapo, Treni. Miaka mine sijakupiga. Mama mudogo atakuya kuichukua."

Nilishuka. Nilisimama kivulini, nikaangalia nje. Mwanga wa bati ulinipanda usoni, nikalisikia joto lake chini ya kidevu. Alikuja akanigeuza kwa vidole viwili, akarudi nyuma, akafumba jicho, akabonyeza.

Kamera haikulia. Akaiondoa usoni akaisoma.

"Imejaa," akasema. "Ngoja kidogo."

Akainamisha kichwa, akaanza kubonyeza kidole gumba, taratibu, moja, nyingine, nyingine, akisimama kila mara kutazama vizuri, midomo ikisogea. Kutoka pale niliposimama sikuweza kuona anatazama nani. Nilirudi nyuma hatua moja nikatoka kwenye bati, nikapanda pikipiki, nikamgusa dereva bega, tukaenda kabla hajachagua.